Tusiache Mbacha Wetu kwa Msala Upitao

"Usiache mbachao kwa msala upitao." Ndivyo walivyonena wazee wetu wa pwani, na hakuna miongoni mwetu asiyeyasikia maneno hayo tangu utotoni. Mbacha ni kile kipande cha mkeka mkuukuu kilicholala nyumbani. Msala ni mkeka mzuri wa kusalia, nao ukipita mkononi mwa mwenyewe huvutia macho. Mtu akiutupa mbacha wake kwa kuwa ameuona msala wa mwenziwe, siku mwenye msala atakapoukunja na kwenda zake, yeye atabaki kusujudu juu ya mchanga.

Leo nataka kuitumia methali hii kueleza jambo ambalo huenda msomaji akaliona liko mbali na mila na dini, nalo ni jambo la kompyuta. Namwomba anivumilie. Yaliyotupata katika madrasa moja ya Kitengela, kaunti ya Kajiado, yamenifunza kwamba sauti za masheikh wetu, kaswida zetu na masomo ya watoto wetu yaweza kupotea, si kwa moto wala kwa mchwa, bali kwa kutiwa ndani ya sanduku ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu mwingine.

Kitengela iko kando ya barabara iendayo Namanga, ukishaipita Athi River. Zamani si nyingi ilikuwa malisho ya ng'ombe wa Kimaasai na mapito ya nyumbu watokao mbuga ya Nairobi. Leo ni mji wa maghorofa na maduka, na watu wake wametoka kila upande. Katika madrasa yetu wamo watoto wa Kisomali, wa Kiborana, wa Kikamba, wa Kimaasai, na sisi wachache tuliopanda kutoka Mombasa na Lamu kufuata kazi. Mimi kazi yangu ilikuwa Kajiado mjini na nyumba yangu Kitengela, kwa hiyo asubuhi na jioni nilikuwa ndani ya matatu, nikipita Isinya kwenda na kurudi.

HAKI YA MTU

Mwaka 2010 madrasa ilipata sadaka ya kompyuta sita kuukuu. Maalim wetu, mzee wa Kilamu, alifurahi sana, kwa sababu alikuwa na sidii ya masomo ya tajwidi aliyopewa zawadi. Lakini kabla ya kuziwasha aliniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mwanangu, hii programu iliyomo humu tumeinunua au tumeichukua?"

Nikamwambia, "Maalim, aliyetuletea ameinakili tu. Watu wote wafanya hivyo."

"Watu wote si hoja," akasema. "Siwezi kumfunza mtoto Alhamdu kwa kitu nisichojua kimetokaje kwa mwenyewe."

Nilipofika nyumbani nilijiona mdogo. Mzee alikuwa na haki, na hakuwa peke yake. Mwezi wa Desemba 1988, Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano mjini Kuwait, iliamua kwamba haki za mtunzi na mvumbuzi ni haki zinazolindwa na sharia, na haijuzu kuzivamia. Nasi twajua kwamba haki ya mtu haifutiki kwa kuwa jirani naye ameila.

Dawa ilikuwapo. Nilikuwa na sidii ya Ubuntu, nayo ni mfumo endeshi, yaani programu mama inayoiamsha mashine na kuiongoza. Sidii hiyo niliipata kwa posta bila kulipa hata senti moja, maana hadi mwaka 2011 wenyewe walikuwa wakiwapelekea watu popote walipo duniani. Ubuntu ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2004, na aliyeianzisha ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake ni la Kinguni, nalo ni ndugu wa neno letu "utu". Moyo wa mfumo huo ni Linux, iliyoanzwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi mjini Helsinki, pamoja na kazi ya GNU aliyoitangaza Richard Stallman wa Marekani mwaka 1983. Hizi ndizo programu huria. Maagizo yake yote yako wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyarekebisha, kuyanakili na kumpa jirani. Kwa ruhusa ya namna hiyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliweza, mwaka 2004, kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zinazosema Kiswahili, bila kumpigia magoti mwenye kiwanda.

Nikamweleza Maalim. Akauliza, "Yaani mwenyewe ameridhia?" Nikamjibu, "Ameridhia, na ameandika." Akasema, "Basi bismillahi."

KISANDUKU CHA KIJIVU

Ubuntu iliingia katika mashine zote sita kwa siku moja. Jioni tukatia ile sidii ya tajwidi. Ilikuwa imetengenezwa ifunguke katika kivinjari kama ukurasa wa mtandao, na kila herufi ilikuwa na picha ya kinywa: mwanafunzi akiibonyeza, ulimi unasogea hadi kwenye makhraji yake na sauti ya msomaji inatoka. Kwa madrasa kama yetu lilikuwa jambo kubwa. Mtoto wa Kisomali koo lake limekwisha kuzoea herufi ya ain kwa lugha ya mamaye, lakini mtoto wa Kikamba au wa Kimaasai humwambia mara mia na bado asijue ulimi autie wapi.

Ukurasa ulifunguka. Mahali pa kinywa palikuwa na kisanduku cha kijivu, na maneno ya kutuarifu kwamba plagini haipo.

Plagini ni programu ndogo inayopachikwa juu ya kivinjari ili kukipa kazi ambayo chenyewe hakikufunzwa. Siku hizo kivinjari kilijua kusoma maandishi na kuonyesha picha zilizotulia. Picha zinazokwenda na sauti mara nyingi kiliachia plagini. Iliyotawala ilikuwa Flash. Ilianza mwaka 1996, na mwishoni mwa 2005 ikawa mali ya Adobe. YouTube yenyewe ilipoanza mwaka 2005 ilicheza kwa Flash. Adobe waliitoa bure, hata kwa watumiaji wa Linux. Lakini bure si huria: unapewa uitumie, hupewi kuifungua uone ndani, wala huna ruhusa ya kuigawa upendavyo.

Kwa hiyo Ubuntu hawakuitia Flash katika sidii yao. Waliweka pakiti ambayo ndani yake hamkuwa na Flash, bali ilikuwa kama tarishi: ukimwita, anakwenda mtandaoni kuichukua kwa niaba yako. Kwa mtu mwenye laini nzuri tarishi huyo alirudi kwa dakika chache. Sisi Kitengela tulikuwa na modemu moja ya simu. Waya za baharini zilikuwa zimekwisha kushuka Mombasa mwaka mmoja kabla, 2009, na mmoja wao ulitoka Fujairah kule Uarabuni, njia ile ile ya majahazi ya babu zetu. Lakini neema hiyo ilikuwa bado haijapanda hadi madrasani kwetu. Tarishi alifika katikati, mawimbi yakakatika, na pakiti ikabaki nusu, haikubali kuendelea wala haikubali kutolewa.

Kesho yake, saa ya chakula, niliingia saiba moja pale Kajiado mjini, nikapakua Flash na kuitia katika flashi ya mfukoni. Jioni nikawatangazia watoto, "Nimeileta Flash." Mmoja akaniuliza, "Flashi si hiyo uliyoishika mkononi?" Tukacheka. Kicheko kiliisha nilipoiweka, kwa maana faili ile ilikuwa ya Windows. Tovuti ilikuwa imeitazama mashine ya saiba, ikaona inatumia Windows, ikanipa cha kuifaa hiyo, nami kwa haraka zangu sikusoma. Kosa lilikuwa langu.

Siku ya pili nilichagua kwa mkono, nikaandika katika karatasi jina la faili ninayoitaka. Ilikuwa moja tu, iitwayo libflashplayer.so, nayo yatakiwa iwekwe katika folda ya plagini ndani ya folda ya Mozilla, ambayo jina lake huanza na nukta na kwa sababu hiyo haionekani mpaka uamuru mashine ikuonyeshe vilivyofichwa. Nikaifungua, nikaiweka mahali pake, nikafunga Firefox na kuiwasha tena. Kinywa kikatokea. Mtoto akabonyeza herufi ya dhadi, ulimi ukasogea ubavuni, na sauti ikatoka. Maalim alifunga macho kusikiliza, kisha akasema, "Alhamdulillahi. Na hii nayo mwenyewe ameridhia?"

Nikamjibu kwamba ameridhia tuitumie. Akauliza, "Na akighairi?"

Swali hilo nililicheka moyoni. Leo silicheki.

MWENYE MSALA AKUNJA MSALA

Mwaka ule ule wa 2010, mwezi wa Aprili, Steve Jobs wa Apple aliandika waraka wa kueleza kwa nini Flash haitaingia katika simu zake. Mwaka 2012 Adobe walitangaza kwamba Flash ya Firefox kwenye Linux haitapata toleo jipya, ila marekebisho ya usalama tu. Mwaka 2016 wakabadili shauri na kuirudisha. Mwezi wa Julai 2017 wakatangaza kwamba Flash yote, ya Linux na ya Windows, itafikia mwisho wake tarehe 31 Desemba 2020. Na tarehe 12 Januari 2021 Flash ikaanza kukataa kucheza chochote.

Sisemi haya kwa kuwalaumu. Mwenye duka ana haki ya kufunga duka lake, na hawa walitoa notisi ya zaidi ya miaka mitatu. Tena Flash ilikuwa na matundu mengi ya kupitia wezi wa mitandao, na wakati huo kazi yake ilikuwa imekwisha kupata mrithi: vivinjari vilifunzwa kucheza sauti na picha vyenyewe kwa kanuni za HTML5 zilizo wazi kwa wote, na YouTube ikahamia huko mwaka 2015. Lawama naiweka kwetu sisi. Notisi nilikuwa nimeisoma, na nikalala.

Madrasa ilipofunguliwa baada ya kufungwa kwa ajili ya korona, tulikuwa na mashine mpya kidogo zenye Ubuntu mpya na Firefox mpya. Firefox toleo la 85, la Januari 2021, halikuwa tena na nafasi ya Flash hata kidogo. Tukatia sidii ile ile. Kisanduku kikarudi kitupu. Nilimtafuta aliyeitengeneza nimwombe zile sauti za asili, sikumpata. Masomo yalikuwa mbele yetu, ndani ya sidii isiyo na mkwaruzo, na hatukuweza kuyasikia.

Maalim hakusema neno. Aliinuka, akaenda chumbani kwake, akarudi na redio yake na kaseti ya Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, yule msomaji wa Misri aliyerekodi msahafu mzima kwa sauti mwaka 1961. Kaseti ile aliinunua Mombasa ujanani mwake. Akaitia, akabonyeza, nayo ikasoma.

KWA NINI KASETI IMEDUMU

Yafaa tujiulize kwa nini kaseti ya mzee imeishi na sidii ya juzi imekufa. Jibu si kwamba vya kale ni bora. Utepe huchakaa, hukatika, huliwa na joto la pwani. Jibu ni kwamba kaseti haikuwa na bwana mmoja. Philips wa Uholanzi walioitoa mwaka 1963 waliwaruhusu viwanda vingine kuitengeneza bila kudaiwa malipo, na kwa hiyo redio ya Kijapani ilicheza kaseti iliyorekodiwa kwa mtambo wa Kizungu, na duka la Mombasa likanakili mawaidha ya Ijumaa na nyimbo za marehemu Juma Bhalo. Kiwanda kimoja kikifa, vingine vilibaki.

Twende nyuma zaidi. Utendi wa Tambuka wa Pate, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa mwaka 1728, umetufikia kwa sababu kila mwenye kalamu, wino na herufi za Kiarabu aliweza kuunakili. Hakuna aliyeimiliki herufi ya alifu. Hakuna aliyeweza kuamka asubuhi moja akatangaza kwamba kuanzia leo herufi ya lamu haisomeki. Mchwa walikula nakala moja, nyingine ilikuwa Siyu au Lamu ndani ya sanduku la mtu. Urithi wetu wote wa maandishi umesimama juu ya jambo hilo moja: ufunguo wa kuusoma ulikuwa wa kila mtu.

Basi na tupime kazi zetu za leo kwa kipimo hicho. Nina wasiwasi kwamba tunarudia kosa lile lile kwa jina jipya. Darasa za masheikh, kaswida za maulidi, maelezo ya wazee juu ya mashairi, vingi vimo ndani ya programu za simu tu, au katika ukurasa wa kampuni fulani tu, na aliyerekodi hakubakisha hata nakala moja nyumbani kwake. Siku kampuni itakapokunja msala wake, tutakuwa na kisanduku kingine cha kijivu.

Najua nitaambiwa: wewe wataka turudi nyuma, Flash ilikuwa na kinywa kinachosogea, na faili ya sauti tupu haina. Ni kweli, na miaka ile hapakuwa na njia nyepesi ya kukipata kinywa kile ila hiyo. Mimi sisemi tusisali juu ya msala upitao. Tusali, lakini mbacha tusiutupe. Aliyetengeneza masomo yale angezihifadhi sauti na picha zake katika faili za kawaida, leo tungezipanga upya kwa HTML5 kwa muda wa wiki moja. Flash haikumlazimisha kuzitupa.

Nitaambiwa pia kwamba hizi programu huria zina taabu, na mimi mwenyewe nimesimulia safari mbili za Kajiado kwa ajili ya faili moja. Ndiyo. Lakini msomaji na aitazame tena taabu ile ilitoka wapi. Ubuntu iliingia siku moja. Iliyotutaabisha ni ile sehemu moja isiyokuwa huria. Ilikuwa hivyo hivyo kwa kaswida za MP3: Ubuntu mpya haikuzicheza mpaka uongeze pakiti nyingine, kwa sababu ya haki za uvumbuzi zilizoshikwa na wenyewe. Mwaka 2017 wenyewe walipomaliza kutoza malipo hayo, taabu ikaondoka, na hakuna anayeikumbuka.

Na walioturudishia nusu ya kilichopotea ni watu wa programu huria hao hao. Wapo waliokaa na kuandika upya, kwa maagizo yaliyo wazi, programu iitwayo Ruffle, ambayo inacheza kazi nyingi za Flash bila Flash yenyewe. Internet Archive ya Marekani iliitumia tangu mwaka 2020 kuokoa michezo na picha za zamani. Nikaijaribu kwa sidii yetu. Vinywa vingi vimerudi. Ukurasa wa mitihani umekataa, na baadhi ya herufi picha inakwenda bila sauti. Herufi ya dhadi, niliyoisafiria Kajiado, ni mojawapo ya hizo.

TUFANYE NINI

Kwanza, nawaambia wanaorekodi masomo, mawaidha na kaswida: tieni kazi zenu popote watu walipo, lakini wekeni asili yake katika faili ya kawaida ambayo programu yoyote yaweza kuifungua. Kwa sauti kuna Ogg, kuna Opus, na sasa hata MP3 haina mdai. Nakala moja iwe kwenu, nyingine kwa ndugu, nyingine mji mwingine. Hivyo ndivyo walivyofanya wenye misahafu na tenzi.

Pili, nazinasihi kamati za misikiti na madrasa: kabla ya kupokea kompyuta, ulizeni swali la Maalim. Hatuna haja ya kula haki ya mtu ilhali kuna waliotoa chao kwa radhi. Na mkiona kitu ni cha bure, ulizeni na la pili: mwenyewe akighairi, tutabaki na nini?

Tatu, vijana wetu wasiishie kubonyeza. Kila madrasa ipate angalau mmoja anayejua faili ni nini na hukaa wapi. Sisi hatukupotewa na masomo kwa ukosefu wa fedha. Tulipotewa kwa kutojua.

Maalim sasa anasoma mwenyewe. Kila Alhamisi jioni watoto humwekea simu mbele yake, naye hutamka herufi, moja baada ya moja, na faili zake ziko Kitengela, ziko Kajiado, na sanduku lao la tatu liko Mombasa kwa dada yangu. Hazina kinywa kinachosogea. Juzi alinishika mkono akaniuliza kama zitasikika baada ya miaka arobaini, kama ile kaseti. Nilimwambia, "Inshallah, Maalim, maana hizi hakuna wa kuzifunga ila sisi wenyewe tukizisahau."

Hiyo ndiyo rai yangu. Mwenye rai nyingine na aandike, tusomane.